Mtoto Anyamazapo Darasani: Tofauti za Usimulizi na Wajibu wa Shule katika Nyanda za Upare

Mtoto wa darasa la awali anapoitwa mbele ya wenzake na kuambiwa asimulie alichokifanya siku iliyopita, mwalimu hupima mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Hupima kama mtoto anajua Kiswahili, kama anaweza kupanga mawazo, kama ana kumbukumbu nzuri na kama ana ujasiri. Kwa dakika hizo chache, mtoto mmoja huonekana mwepesi na mwingine huonekana mzito. Hukumu hiyo ya mapema yaweza kumfuata mtoto hadi madarasa ya juu. Anayedhaniwa mzito huulizwa maswali machache zaidi, husogezwa nyuma, na baada ya muda naye huamini kuwa shule si mahali pake.

Hata hivyo, kusimulia ni jambo ambalo mtoto hujifunza nyumbani kabla hajafika shuleni, na nyumba hazifundishi usimulizi kwa namna moja. Kuna nyumba ambamo mtoto huhimizwa kueleza habari zake mbele ya watu wazima, na nyingine ambamo adabu humtaka asikilize kwanza. Baadhi ya watoto wamezoea hadithi ya mtu mmoja yenye mwanzo na mwisho. Wengine wamezoea hadithi inayojengwa na watu wengi, ambapo msikilizaji naye ana sehemu yake. Makala hii inaeleza tofauti hizo kwa kuangalia mazingira ya Kwakoa na nyanda zilizo chini ya Milima ya Upare, na inafafanua yale ambayo walimu, wazazi na kamati za shule wanaweza kuyafanya ili kila mtoto apimwe kwa haki.

Lugha za mlimani na lugha za tambarare

Kwakoa ni kata katika Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro. Mwanga na Same ndizo wilaya mbili zinazobeba safu ya Milima ya Upare, yenye maeneo kama Usangi na Ugweno upande wa kaskazini, na Gonja, Mamba, Mbaga na Chome upande wa kusini. Mlimani kuna mvua, migomba na mifereji ya asili. Tambarare ni kukavu zaidi, na huko kilimo hukutana na ufugaji. Kwa sababu hiyo, shule za nyanda za chini aghalabu hupokea watoto kutoka nyumba zenye maisha na lugha tofauti.

Lugha ya Wapare ni Chasu, ambayo wengi huiita Kipare. Katika Ugweno kuna Kigweno, lugha yenye wasemaji wachache na inayokaribiana na lugha za Kichaga kuliko Chasu. Jamii za wafugaji wa Kimasai zilizoko katika tambarare za wilaya hizo mbili huzungumza Kimaa. Juu ya lugha zote hizo kipo Kiswahili, lugha ya taifa, ambayo mtoto mmoja huanza kuisikia angali mgongoni mwa mama yake na mwingine huikuta kwa mara ya kwanza langoni mwa shule.

Umbali kati ya lugha ya nyumbani na Kiswahili haulingani kwa watoto wote. Chasu ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Nomino zake hupangwa katika ngeli na vitenzi vyake hubeba viambishi vya nafsi na wakati, hivyo mtoto wa Kipare anapojifunza Kiswahili hukuta nyumba iliyojengwa kwa ramani anayoifahamu. Kimaa kiko katika jamii ya lugha za Kiniloti. Hakina ngeli za namna ya Kibantu, na kwa kawaida kitenzi hutangulia katika sentensi, kisha hufuata mtenda na mtendwa. Kwa mtoto anayetoka katika lugha hiyo, kusema sentensi moja ya Kiswahili sanifu ni kazi ya kupanga upya mawazo yake yote, na kazi hiyo huchukua muda. Kimya chake cha sekunde chache baada ya swali chaweza kuwa ni muda wa kazi hiyo.

Kuna pia jambo ambalo walimu wengi hawajapata nafasi ya kuelezwa. Kiswahili husimulia kwa kutumia kiambishi cha -ka-, kama katika maneno akaenda, akamwona, akarudi. Kiambishi hicho ndicho kamba inayofunga tukio na tukio. Kimaa nacho kina kiambishi cha n- ambacho huwekwa mwanzoni mwa kitenzi ili kuonyesha kuwa tukio linalofuata limeungana na lililotangulia. Kwa hiyo mtoto wa Kimasai anayeshindwa kutumia -ka- darasani huenda tayari anajua kufunga matukio kwa ustadi katika lugha yake. Kinachokosekana ni umbo la Kiswahili la jambo analolijua, na kwa sababu hiyo mwalimu anayefundisha umbo hilo hana haja ya kuanza upya.

Mbuzi mmoja, masimulizi mawili

Ili tofauti hizo zieleweke, chukulia mfano wa darasa ambamo watoto wawili wameombwa kusimulia jinsi mbuzi wa nyumbani kwao alivyopotea.

Mtoto wa kwanza anasema: jana mbuzi wetu alipotea, tukamtafuta, tukamkuta katika shamba la jirani, baba akamrudisha. Mwalimu anaridhika. Kuna mwanzo, kuna tatizo, kuna utatuzi na kuna mwisho. Mpangilio huo ndio ambao vitabu vya shule na maswali ya ufahamu huutarajia.

Mtoto wa pili anasema: ni yule mwenye madoa, aliyezaa wakati wa mvua, ndiye ambaye bibi alimpa mama, kaka alikuwa upande wa mlima, mimi nilikuwa na ndama. Kisha ananyamaza. Mwalimu anauliza, halafu ikawaje? Mtoto anatazama chini. Katika daftari la mwalimu, yamkini itaandikwa kuwa mtoto huyu hajui kusimulia.

Lakini yafaa kuyatazama tena maneno hayo. Katika nyumba ya wafugaji, mnyama hutambulishwa kwa rangi yake, uzazi wake na mtu aliyemtoa. Kimaa kina msamiati mpana wa rangi na mabaka ya mifugo, na mtoto hujifunza msamiati huo mapema kwa sababu kazi yake ya kila siku inauhitaji. Mtoto huyu ametaja mbuzi gani amepotea kwa namna ambayo hakuna mtu wa nyumbani kwao angekosea. Ametaja mbuzi huyo ana thamani gani, kwa kuwa ni zawadi ya bibi. Ameeleza kila mchungaji alikuwa wapi, na kwa kusema kuwa yeye alikuwa na ndama ameeleza kwa nini hakumwona mbuzi akiondoka. Hiyo ni hoja ya uwajibikaji, na ndiyo ambayo wazee wangeiulizia kwanza. Mwisho wa kisa hakuutaja kwa sababu kwa kawaida wanaomsikiliza huujua tayari.

Masimulizi yote mawili yana mantiki. La kwanza limetungwa kwa ajili ya msikilizaji asiyejua chochote, na la pili kwa ajili ya msikilizaji wa karibu. Shule huhitaji zaidi lile la kwanza, kwa sababu maandishi husomwa na watu wasiomjua mwandishi. Hilo ni hitaji halali, na mtoto wa pili anapaswa kufundishwa namna hiyo. Kosa hutokea pale ambapo mtoto anahesabiwa kuwa hana akili kwa kutoijua namna ambayo hajawahi kufundishwa.

Usimulizi wa wengi na adabu ya kusikiliza

Tofauti nyingine huhusu idadi ya wasimuliaji. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, hadithi za jioni si mali ya mtu mmoja. Msimulizi huita na wasikilizaji huitika. Kwa Kiswahili watoto wengi hujua mwito wa paukwa na kiitikio cha pakawa. Katikati ya hadithi huingia wimbo, na wote huuimba. Msikilizaji huuliza, hukumbusha na hata humsahihisha msimulizi. Mtoto aliyekulia katika utaratibu huo huona ni jambo la kawaida kuongeza neno mwenzake anaposimulia. Darasani, kitendo hicho huitwa kudakia, na mtoto huonywa.

Watoto wa vijiji vya mlimani huona pia masimulizi ya kazi. Wapare wana desturi ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja kwa manufaa ya wote, kama vile kutengeneza njia, kusafisha mifereji na kuzibua ndiva, yale mabwawa madogo yanayokusanya maji ya umwagiliaji. Habari za siku ya msaragambo husimuliwa na waliokuwapo kwa kupokezana, kila mmoja akieleza sehemu yake. Mtoto anayetakiwa kuisimulia siku hiyo peke yake, tena akiwa amesimama mbele ya darasa, huombwa kufanya jambo ambalo hajawahi kumwona mtu mzima akilifanya.

Kisha kuna adabu. Katika nyumba nyingi za Kipare na za Kimasai, mtoto mdogo hafundishwi kumweleza mtu mzima jambo ambalo mtu mzima huyo tayari analijua. Mwalimu anaponyanyua picha ya ng'ombe na kuuliza hiki ni nini, mtoto huweza kushangaa kwa nini mtu mkubwa anauliza asilohitaji kuelezwa. Kutazama chini mbele ya mkubwa ni ishara ya heshima, na kutojibu haraka ni dalili ya kufikiri. Shule husoma ishara hizo kinyume, yaani kama woga au kutokujua.

Ni vyema kukumbuka pia kuwa masimulizi ya Upare yamekwisha kuaminiwa na wasomi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, alitumia simulizi za wazee wa koo kama chanzo kikuu cha ushahidi, zikiwamo habari za Washana, ukoo wa wafua chuma, na za Wasuya waliotawala Ugweno. Simulizi hizo hazikuhifadhiwa katika vitabu. Zilihifadhiwa na watu waliofunzwa tangu utotoni kusikiliza kwa makini na kukumbuka nani alitoka wapi na alipewa nini na nani. Ustadi huo ndio huohuo unaojitokeza katika habari ya yule mbuzi mwenye madoa.

Yaliyobainika kwingineko

Suala hili halihusu Upare peke yake. Katika miaka ya 1970, watafiti Sara Harkness na Charles Super walifanya kazi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya. Waligundua kuwa watoto wadogo wa hapo walitunza wadogo zao, walitumwa na walifuata maelekezo magumu bila kukosea, lakini walipotakiwa na mtu mzima mgeni kurudia hadithi waliyosimuliwa, wengi walinyamaza. Maelezo yao yalikuwa kwamba watoto hao walilelewa kuelewa na kutii zaidi kuliko kujieleza mbele ya wakubwa. Kipimo kilipima mazoea ya kuzungumza na mtu mzima, huku wapimaji wakidhani wanapima akili.

Huko mashariki mwa Zambia, Robert Serpell aliwauliza watu wazima wa vijiji vya Wachewa ni watoto gani wana akili. Majibu yao yaliunganisha wepesi wa kufikiri na uwajibikaji, kwamba mtoto mwenye akili ni yule anayeweza kutumwa na kuaminiwa. Fikra hiyo haiko mbali na mazungumzo ya Kiswahili, ambamo mtoto msikivu na anayetumika husifiwa. Serpell alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuwa sifa ambazo kijiji kilizithamini hazikuwa zile zilizomfikisha mtoto mbali shuleni. Kwa hiyo kijiji na shule vilimtazama mtoto yuleyule kwa vipimo viwili visivyozungumza.

Nchini Marekani, Susan Philips alichunguza watoto wa jamii ya asili ya Warm Springs, jimbo la Oregon. Katika maandishi yake ya mwaka 1972 alieleza kuwa watoto hao walinyamaza walipoitwa mmoja mmoja mbele ya darasa, lakini walishiriki kwa bidii walipofanya kazi kwa makundi yasiyosimamiwa moja kwa moja na mwalimu. Visiwani Hawaii, mradi wa elimu ulioanzishwa na shule za Kamehameha katika miaka ya 1970 ulikwenda hatua moja zaidi. Walimu waliruhusu watoto wa Kihawaii kujadili hadithi za kitabu kwa kupokezana na kuongezeana maneno, kama walivyozoea nyumbani. Mtafiti Kathryn Au alieleza jinsi mazungumzo hayo yalivyowasaidia watoto kushiriki zaidi katika masomo ya kusoma. Jambo la kuzingatia ni kwamba walimu hao hawakuacha kufundisha kusoma. Walichobadilisha ni utaratibu wa mazungumzo ya kuelekea huko.

Sera na sheria zinasemaje

Nchini Tanzania, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, na kimekuwa hivyo tangu miaka ya mwisho ya 1960. Uamuzi huo umewaunganisha Watanzania wenye lugha za jamii zaidi ya 120, na umempa mtoto wa Kwakoa uwezo wa kuzungumza na mtoto wa Kigoma au Mtwara bila mkalimani. Zipo nchi jirani zilizochukua njia nyingine. Uganda, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2007 mtaala unaotumia lugha za maeneo katika madarasa matatu ya kwanza. Mazingira ya nchi hizo hayafanani na ya Tanzania, ambako Kiswahili kimeenea hadi vijijini.

Kutumia Kiswahili shuleni hakumaanishi kuzidharau lugha za nyumbani. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa, inawahimiza wananchi kujivunia na kuzitumia, na inazichukulia kuwa chemchemi ya kukuza Kiswahili chenyewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na elimu hiyo hutolewa kwa njia ya michezo, nyimbo na hadithi. Stadi ya kuwasiliana ni miongoni mwa zile zinazojengwa katika hatua hiyo. Kadhalika, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inamhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, na inahesabu ujifunzaji wa awali kuwa moja ya nguzo za malezi.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ubaguzi dhidi ya mtoto na inampa haki ya kutoa maoni yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaeleza katika ibara ya 30 kuwa mtoto wa jamii ya asili au ya watu wachache asinyimwe haki ya kufurahia utamaduni wake na kutumia lugha yake pamoja na wenzake. Kumruhusu mtoto kueleza jambo kwa lugha ya nyumbani kwanza, kisha kulieleza kwa Kiswahili, hakupingani na sera ya lugha ya kufundishia. Ni njia ya kumfikisha katika Kiswahili.

Uzoefu wa hapa nchini upo. Mpango wa utayari wa kuanza shule, uliotekelezwa chini ya programu ya EQUIP-Tanzania kuanzia mwaka 2015 katika mikoa kadhaa, uliwaandaa watoto ambao hawakupata nafasi ya darasa la awali, wengi wao wakitoka katika nyumba zisizozungumza Kiswahili. Mpango huo ulijengwa juu ya hadithi, na uliwatumia wasaidizi wa kufundisha waliochaguliwa kutoka katika jamii zenyewe, watu walioijua lugha ya mtoto na desturi za nyumbani kwao.

Mambo ambayo mwalimu anaweza kuyafanya

Hatua nyingi zinazohitajika hazidai fedha. Ya kwanza ni muda. Baada ya kuuliza swali, mwalimu anaweza kusubiri kidogo kuliko alivyozoea kabla ya kumwita mtoto mwingine. Kwa mtoto anayetafsiri moyoni, sekunde chache za ziada ndizo zinazotenganisha jibu na kimya.

Ya pili ni mpangilio wa darasa. Badala ya kumsimamisha kila mtoto peke yake, watoto wasimuliane kwanza wawili wawili au katika makundi madogo. Mtoto aanze kwa lugha anayoimudu, na mwenzake anayejua Kiswahili zaidi amsaidie. Baadaye kundi lisimulie kwa pamoja mbele ya darasa, kila mmoja na sehemu yake. Mtoto akishazoea kusikia sauti yake darasani, kusimulia peke yake hakumtishi tena.

Ya tatu ni namna ya kuuliza. Swali la halafu ikawaje humfaa mtoto aliyezoea hadithi ya mstari mmoja. Kwa mtoto aliyesimulia habari ya mbuzi, maswali yenye manufaa ni yale yanayofuata njia yake: nani alimwona kwanza, kaka alifanya nini aliposikia, mbuzi yuko wapi sasa. Majibu ya maswali hayo yakipangwa ubaoni kwa mfuatano, mtoto huona hadithi yake mwenyewe imevaa umbo la shule.

Ya nne ni kuufundisha usimulizi wa shule waziwazi. Mwalimu awaeleze watoto kuwa anayesoma maandishi yao hawafahamu, hayajui mazizi yao wala ndugu zao, na kwa hiyo lazima waeleze nani, wapi, lini na mwisho ulikuwaje. Kuuacha utaratibu huo ujulikane wenyewe ni kuwapendelea watoto ambao wazazi wao walikwisha kuujua. Watoto hao wote watakutana baadaye na upimaji wa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu na upimaji wa Darasa la Nne, ambao humpima kila mmoja kwa kipimo kimoja.

Ya tano ni tathmini. Uwezo wa mtoto mdogo usiamuliwe kwa tukio moja. Mwalimu amsikilize akiwa uwanjani na wenzake, akiwa katika mchezo wa kuigiza, na ikiwezekana akiwa na mdogo wake. Mtoto anayenyamaza mbele ya mwalimu lakini anamwelekeza mwenzake kanuni zote za mchezo ameonyesha umbuji ambao daftari halikuuona.

Hata hivyo, si kila kimya ni cha kitamaduni. Mtoto ambaye haongei wala kusimulia hata nyumbani, kwa lugha ya mama yake, au asiyegeuka anapoitwa kwa nyuma, anaweza kuwa na tatizo la kusikia au la usemi. Huyo anapaswa kupelekwa katika kituo cha kutolea huduma za afya mapema. Njia rahisi ya kutofautisha hali hizo mbili ni kumuuliza mzazi swali moja: mtoto huyu huzungumzaje akiwa nyumbani? Shule isiyowauliza wazazi yaweza kumwacha mgonjwa bila tiba kwa kudhani ni mila, au kumwita mgonjwa mtoto mwenye afya njema.

Nafasi ya wazazi na wazee

Baadhi ya wazazi huacha kuzungumza lugha yao na watoto wakiamini kuwa wanawaandaa kwa shule. Endapo mzazi hakimudu Kiswahili vizuri, mtoto hupoteza lugha pana ya nyumbani na hupewa badala yake Kiswahili cha maneno machache ya amri: njoo, leta, nyamaza. Mtoto aliyesikia hadithi nyingi kwa Chasu au kwa Kimaa huja shuleni akijua hadithi ni nini, wahusika ni nini, na kwa nini mjanja alishinda mwenye nguvu. Maarifa hayo huhama pamoja naye kwenda katika Kiswahili.

Kwa hiyo mzazi asimulie hadithi kwa lugha anayoimudu kuliko zote, kisha amwombe mtoto naye asimulie, ili azoee kusikilizwa. Akirudi kutoka shuleni, aulizwe habari za siku na apewe nafasi ya kuzimaliza. Mazungumzo hayo hayahitaji kitabu wala taa ya umeme, na yanaweza kufanyika mtoto akichambua mchele au akirudisha ndama zizini.

Kamati za shule zinaweza kuwaalika wazee kusimulia hadithi shuleni, kwa lugha ya eneo na kwa Kiswahili, na kuwataka wanafunzi wa madarasa ya juu waziandike. Hadithi hizo hugeuka kuwa vitabu vya kusoma vya darasa la awali. Kwa lugha kama Kigweno, ambayo idadi ya wasemaji wake ni ndogo, kazi hiyo huhifadhi pia maneno ambayo hayapatikani kwingine.

Maofisa elimu kata na walimu wakuu, kwa upande wao, wanaweza kulijadili suala hili katika mafunzo ya walimu yanayofanyika shuleni, hasa kwa walimu wapya wanaopangiwa shule za tambarare wakitoka mikoa mingine. Mwalimu mgeni akielezwa katika juma lake la kwanza kwamba mtoto anayetazama chini anamheshimu, na kwamba anayemdakia mwenzake anamsaidia, ataisoma orodha ya majina ya darasa lake kwa jicho jingine. Walio katika darasa la awali leo ndio watakaoandika mitihani ya taifa miaka michache ijayo, na jina la mtoto mzito likishawekwa katika umri wa miaka 5 ni gumu kufutika. Wazazi wenye watoto waliofikia umri wa elimu ya awali wanakumbushwa kuwaandikisha katika shule iliyo karibu, na kumweleza mwalimu tangu siku ya kwanza lugha ambayo mtoto huizungumza nyumbani.